Kupasua mgebuka na chura, na kumwelewa papa: mwongozo wa vitendo kutoka Kigoma

Wanafunzi wengi wanaingia maabara wakiwa wamekariri jedwali: papa ana gegedu (kitu kigumu kiasi lakini kinachopinda, kama cha sikio), samaki ana mifupa, moyo wa chura una vyumba vitatu. Ukiwauliza kwa nini iwe hivyo, wanatazamana. Nafundisha biolojia hapa Kigoma, na njia ninayoiamini ni kuingia ndani ya kila mnyama na maswali matatu tu. Anapataje oksijeni? Anafanyaje asizame? Anadhibitije maji na chumvi mwilini? Ukiyashika haya, jedwali utalijaza mwenyewe bila kukariri.

Papa hatutampasua. Ziwa Tanganyika halina papa, na huko baharini aina nyingi za papa ziko hatarini kutoweka, kwa hiyo usimwagizie mtu wa pwani akuletee. Tutamsoma kwa mchoro na kwa kipande cha papa mkavu mwenye ngozi, ukibahatika kukipata sokoni. Mgebuka, samaki wa mifupa wa ziwa hili, na chura tutawapasua kwa mikono yetu.

Hatua ya 1: Kupata vielelezo

Nenda mwaloni alfajiri, Kibirizi au Katonga, mitumbwi inaporudi. Mgebuka na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo panga somo lako siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hawaingii ziwani. Angalia pia kalenda ya kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mwalimu aliyepanga vitendo mwezi Juni alilazimika kuahirisha. Chagua mgebuka mwenye macho maangavu na matamvua mekundu. Muuzaji akishika kisu, mwahi: "Mama, huyu naomba mzima, usimtoe matumbo." Wengine hupasua kwa mazoea kabla hujamaliza kulipa.

Chura tafuta mvua zikishaanza, mwezi Novemba hivi, kwenye madimbwi na mifereji. Mchukue mwenye ngozi laini na yenye unyevu. Yule mwenye ngozi kavu yenye vinundu mwache aende zake. Nyuma ya macho yake kuna tezi za sumu. Chura wawili, dume na jike, wanatosha darasa zima. Sioni sababu ya kila mwanafunzi kuua wake.

Kumuua ni kazi ya mwalimu. Weka pamba yenye klorofomu kwenye chupa yenye kifuniko, madirisha yakiwa wazi, mwingize chura na usubiri. Ukigusa jicho na miguu isipate mshtuko wowote, ongeza dakika kadhaa ndipo umtoe. Usikubali kabisa kupasua mnyama ambaye bado anahisi.

Vifaa ni vya kawaida: mkasi mdogo wenye ncha moja butu, wembe, koleo ndogo, pini, glavu, bakuli la maji, bomba la sindano lisilo na sindano, na kipande cha ubao.

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kukata

Pitisha kidole kwenye ubavu wa mgebuka. Kuna mstari unaotoka nyuma ya kichwa kwenda mkiani. Kwa huo samaki huhisi mtikisiko wa maji. Papa naye anao, na zaidi ya huo ana vishimo vidogo puani vinavyonasa umeme hafifu wa misuli ya kitoweo chake. Stefano Lorenzini wa Italia alivieleza vishimo hivyo mwaka 1678, ingawa kazi ya vishimo hivyo ilikuja kujulikana baadaye sana.

Sasa papasa ngozi ya papa mkavu kutoka kichwani kwenda mkiani, kisha urudi kinyume. Ukirudi, ngozi inakukwaruza kama msasa, kwa sababu magamba yake ni vijimeno vidogo vilivyolala kuelekea nyuma. Magamba ya mgebuka ni vipande bapa vyembamba vinavyopandana. Chura hana gamba hata moja, na sababu yake utaiona tukifika kwenye ngozi.

Hatua ya 3: Matamvua (usiiharakishe hatua hii)

Inua kifuniko cha shavu la mgebuka ukikate chote kwa mkasi. Utaona matao manne ya matamvua upande huo. Papa hana kifuniko. Kila nafasi ya matamvua ina mwanya wake unaoonekana nje, mitano hadi saba kila upande kutegemea aina.

Kata tao moja juu na chini, ulitoe zima. Upande wa ndani lina vijimeno vyeupe vinavyozuia chakula kisipenye. Upande wa nje lina nyuzi laini nyekundu. Litumbukize kwenye bakuli la maji. Nyuzi zinafunguka na kusimama mbalimbali, kila moja peke yake. Lishike kwa koleo ulitoe majini polepole: nyuzi zote zinagandana na kuwa kitu kimoja kinachoteleza. Lirudishe, zinafunguka tena.

Mwache kila mwanafunzi afanye hivyo kwa mkono wake. Swali la "kwa nini samaki anakufa nje ya maji wakati hewani kuna oksijeni nyingi kuliko majini" linajibika hapo hapo. Nyuzi zikigandana, eneo la kupitishia oksijeni linapotea karibu lote, na zikikauka oksijeni haipenyi tena.

Jambo moja hutaliona kwa macho, ila lichore: ndani ya nyuzi hizo damu inakwenda upande mmoja na maji yanapita kinyume chake. Kwa hiyo damu inakutana wakati wote na maji yenye oksijeni zaidi yake, na inaendelea kuchota hadi mwisho wa safari. Papa pia hutumia mbinu hii.

Hatua ya 4: Tumbo la mgebuka

Mlaze mgebuka kichwa kikiwa kushoto kwako. Ingiza ncha butu ya mkasi kwenye tundu la haja, kata kwenda mbele chini ya tumbo hadi karibu na matamvua. Uinue mkasi juu unapokata, usije ukatoboa nyongo; ikipasuka inatia kila kitu rangi ya kijani. Kisha kata ubavu kwa juu na ufunue ukuta wa tumbo kama mlango.

Ini liko mbele, na mfuko wa nyongo umejishika hapo. Nyuma yake kuna tumbo la chakula. Lipasue, mara nyingi utakuta dagaa ndani. Utumbo ni mfupi, kwa kuwa nyama humeng'enywa upesi. Ukipata samaki aitwaye ngege, pasua naye ulinganishe: anakula mwani, na utumbo wake ni mrefu uliojiviringa mara nyingi. Papa ni mla nyama mwenye utumbo mfupi, lakini ndani yake kuna mkunjo unaozunguka kama ngazi ya mnara, hivyo chakula kinapita polepole na kugusa eneo kubwa.

Juu ya matumbo, chini ya uti wa mgongo, kuna kifuko cheupe chenye hewa: kibofu cha kuelea. Gesi ikiongezwa au kupunguzwa, samaki anakaa kwenye kina anachotaka bila kupiga mapezi muda wote. Sangala, samaki mwingine wa ziwa hili, akivutwa upesi kutoka kilindini, gesi hiyo hupanuka hata tumbo likatokeza mdomoni. Kibofu chake hakina mrija wa kutolea gesi. Cha dagaa kinao, umeungana na njia ya chakula.

Papa hana kibofu hiki. Kinachombeba ni ini, ambalo kwa baadhi ya aina hufika hata robo ya uzito wa mwili, limejaa mafuta mepesi kuliko maji. Watu wa pwani wanayajua mafuta hayo kwa jina la sifa. Walipaka majahazi ili mbao zisile maji. Ongeza mifupa ya gegedu, ambayo ni myepesi, na mapezi mapana ya mbele yanayomwinua anapoogelea. Hata hivyo papa wengi wakiacha kuogelea huzama taratibu.

Mwisho, toa kibofu na utazame kile kitu cheusi-chekundu kilichonata kwenye uti wa mgongo. Jikoni hukwanguliwa kama damu iliyoganda. Hiyo ndiyo figo.

Hatua ya 5: Chura

Mlaze chali kwenye ubao, umchome pini miguuni na mikononi. Inua ngozi ya tumbo kwa koleo na ukate katikati, kutoka kati ya miguu hadi kidevuni. Ngozi inaachana na nyama kirahisi, maana imeshikwa sehemu chache tu. Igeuze uitazame kwa ndani: imejaa mishipa ya damu. Hapa ndipo lilipo jibu la chura kukosa magamba, kwa sababu sehemu ya oksijeni yake hupita kwenye ngozi, nayo sharti iwe na unyevu.

Kwenye misuli ya tumbo kuna vena nyeusi katikati. Usikate juu yake. Kata pembeni kidogo, la sivyo damu itafunika kila kitu. Ukifika kifuani, kata mifupa ya bega ukiwa umeinua mkasi, kwa kuwa moyo uko chini yake kabisa. Unaweza kukuta moyo bado unadunda ingawa chura amekufa. Waeleze wanafunzi mapema kwamba mapigo hayo huanzia kwenye msuli wa moyo wenyewe, wasiogope.

Fungua mdomo. Ulimi umeshikwa mbele, ncha yake inaelekea kooni. Nyuma ya ulimi kuna mwanya mwembamba. Weka mdomo wa bomba la sindano hapo na usukume hewa taratibu. Mapafu mawili yanavimba mbele ya macho yenu. Chura hana mbavu za kupanua kifua wala kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu), kwa hiyo anasukuma hewa kwa koo, ndiyo maana koo la chura aliye hai linapandashuka.

Ini lina ndewe tatu. Vidole vya manjano karibu na figo ni akiba ya mafuta. Jike atakuwa na mayai meusi tele, dume ana korodani mbili za manjano juu ya figo.

Hatua ya 6: Mioyo miwili, kando kwa kando

Moyo wa mgebuka uko chini ya koo, nyuma tu ya matamvua. Una auriko moja (chumba kinachopokea damu) na ventriko moja (chumba kinachoisukuma), sawa na papa. Damu inatoka moyoni, inapita matamvuani, inakwenda mwilini, inarudi. Ikishapenya mishipa myembamba ya matamvua msukumo wake umepungua, inafika mwilini ikiwa pole. Kwa chura, damu iliyotoka mapafuni inarudi kwanza moyoni na kusukumwa upya. Ndiyo maana kuna auriko mbili, moja ya damu ya mapafu na moja ya damu ya mwili. Ventriko ni moja, kwa hiyo damu huchanganyika kiasi. Kiluwiluwi bado ana matamvua, na moyo wake ni wa vyumba viwili kama wa samaki.

Hatua ya 7: Maji na chumvi

Mgebuka yuko kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na maji yanamwingia kila saa kupitia matamvua. Figo zake zinatoa mkojo mwingi mwepesi, na amonia, taka yenye sumu ya mwili, inatoka zaidi matamvuani. Chura aliyekomaa hawezi kumwaga maji hivyo nchi kavu, anabadili amonia kuwa urea, taka yenye sumu kidogo zaidi, na kuweka akiba ya maji kwenye kibofu cha mkojo. Papa yuko kwenye chumvi, na anaibakiza urea ndani ya damu ili bahari isimnyonye maji. Chumvi ya ziada inatolewa na tezi iliyo karibu na mwisho wa utumbo. Ile harufu kali ya papa inatokana na urea hiyo, bakteria wanapoivunja kuwa amonia baada ya mnyama kufa.

Hatua ya 8: Kuchora na kusafisha

Chora kwa penseli, mistari ya majina inyooke kwa rula na isipishane, na uchore ulichokiona, siyo kilicho kitabuni. Masalia ya chura yafukie mbali na kisima, wala mgebuka wa maabara asipelekwe jikoni. Vifaa vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, vikaushwe kabla ya kufungiwa, maana mkasi uliowekwa na maji leo utakuwa na kutu muhula ujao.