Ukirudia riwaya ya zamani, badilisha mtu wa kumfuata

Riwaya uliyoisoma shuleni ukimwonea huruma mhusika mkuu, safari hii isome ukimfuata mtu mwingine kabisa. Chukua Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Wengi tulishikwa na uchungu wa Ramatoulaye, anayemwandikia shoga yake Aissatou akiwa eda. Sasa shika penseli umfuate Binetou, mke mdogo. Weka alama kila anapotajwa, na pembeni andika ni nani anayemsemea. Utaona sauti yake mwenyewe ilivyo haba. Ni msichana wa shule, rafiki wa Daba, bintiye Ramatoulaye. Mama yake anamshinikiza aolewe na baba wa rafiki yake, na masomo yanaishia hapo. Mama mtu anapata nyumba nzuri na safari ya Makka! Na Ramatoulaye, pamoja na machungu yake yote, anamwona yule binti kuwa ametolewa kafara. Mistari hiyo ni rahisi kuiruka ukiwa na miaka 17. Kama kitabu kina alama zako za zamani, usizifute. Tumia kalamu ya rangi nyingine.