Kigari chenye woga, hasira na mapenzi

Wadau, leo hakuna programu. Tunaunda kigari ambacho mtu akikiona atasema "kinaogopa", kumbe ndani ni nyaya tu. Wazo ni la Valentino Braitenberg, mtafiti wa ubongo, aliyevieleza vigari hivi mwaka 1984.

Vifaa: mota 2 zenye giaboksi, sensa 2 za mwanga aina ya LDR (ukinzani wake hushuka zikimulikwa), transista 2 za TIP120 (swichi za umeme zenye miguu mitatu: besi, kolekta na emita), dayodi 2 (hupitisha umeme upande mmoja tu), rizista 2 za 1k (ohm 1,000), potenshometa 2 za 10k (rizista za kurekebisha kwa kuzungusha), betri 4 za volti 1.5.

1. Kila tairi la nyuma na mota yake. Mbele weka chochote kinachoteleza. Sensa zikae mbele, zimetazama nje kidogo kama macho ya kaa.

2. Kila upande, unganisha kwa mfuatano: chanya ya betri, LDR, rizista, kisha besi ya transista. Mota iwe kati ya chanya na kolekta. Emita iende hasi. Dayodi ifungwe sambamba na mota, mstari wake upande wa chanya. Msiiruke. Mimi niliiruka, nikaunguza transista.

3. Woga: sensa ya kushoto iendeshe mota ya kushoto, ya kulia vivyo hivyo. Zima taa, mulika tochi kutoka kushoto. Mota ya kushoto inakimbia zaidi, kigari kinageukia kulia na kutoroka. Kikifika gizani kinatulia.

4. Hasira: pishanisha nyaya. Sasa kinaigeukia tochi, na kadiri kinavyokaribia ndivyo kinavyoongeza kasi. Ukiishika tochi karibu na sakafu utajikuta umeinua miguu.

5. Mapenzi: rudisha nyaya zisipishane, ila LDR ihamie kati ya besi na hasi, palipokuwa LDR weka potenshometa. Mwanga sasa unazuia mota. Kigari kinaijia tochi, kinapunguza mwendo, kinasimama mbele yake. Mkono wako ukitikisika, nacho kinatikisika.

Swali: Changu kinazunguka palepale kama pia.
Jibu: Mota moja iko kinyume. Badilisha nyaya zake mbili, dayodi iache ilivyo.

Swali: Mwalimu, mchana kinakimbia tu, hakichagui.
Jibu: Mwanga wa chumba umezishibisha sensa zote mbili. Funga pazia, au zivike vimrija vya karatasi nyeusi.

Swali: Nikipishanisha nyaya kwenye kile cha mapenzi?
Jibu: Kinapunguza mwendo karibu na taa, kisha kinaipa mgongo na kuondoka mbio. Nilipomwonyesha mke wangu, alikitazama kidogo akasema, "Huyo ana mwingine."