Anza na misale, daftari la kwaya lisubiri

Nimefundisha kwaya miaka mingi, na kosa ninalolikumbuka kuliko yote nililifanya Dominika ya pili ya Kwaresima. Niliinua mkono, kwaya ikalipuka kwa Aleluya ya sauti nne, safi kabisa, besi wakitamba. Aleluya haiimbwi Kwaresima. Padre alisimama ameshika Injili, akaniangalia tu. Wimbo ule tulikuwa tumeufanyia mazoezi wiki tatu. Nilikuwa nimeupenda kwanza, ndipo nikautafutia misa.

Siku hizi, nikichagua nyimbo za misa, nafanya kinyume. Nafungua misale, kitabu cha sala na masomo ya misa, nasoma Injili ya Dominika (masomo huzunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A ni Mathayo, B Marko, C Luka, na Yohane hutawala sana wakati wa Pasaka), kisha antifona, yaani maneno mafupi yaliyopangiwa siku hiyo, ya kuingia na ile ya komunyo. Wengi huziruka antifona kwa sababu ni mstari mmoja au miwili, lakini humo ndimo utaona siku ile inataka nini. Nikikosa wimbo unaokaribiana na antifona, nachukua zaburi yenye wazo hilo. Daftari la nyimbo linakuja mwisho.

Wimbo wa katikati, ile zaburi ya baada ya somo la kwanza, uache kama ulivyo. Ni sehemu ya Liturujia ya Neno, na haupishi wimbo mwingine hata ukiwa mtamu namna gani. Kama hamna muda wa kujifunza melodi yake, mwimbaji mmoja aimbe mashairi kwa toni nyepesi, waamini waitikie.

Jambo jingine walimu wa kwaya hatupendi kulisikia. Waraka wa Kanisa kuhusu muziki mtakatifu, Musicam Sacram, wa mwaka 1967 unapanga vya kuimbwa katika ngazi tatu. Ya kwanza ina majibizano ya padre na waamini, Mtakatifu na Baba Yetu. Wimbo wa kuingia, wa matoleo na wa komunyo, ambako sisi humalizia mazoezi yote, uko ngazi ya tatu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta wimbo mpya, hakikisha watu wanaweza kumwitikia padre kwa kuimba bila kukimbizana.

Sasa vipindi vyenyewe. Majilio, majuma ya kungoja Noeli, yana vikapu viwili. Hadi tarehe 16 Desemba masomo yanatazama zaidi Kristo atakayerudi, kwa hiyo chagua nyimbo za kukesha na kungoja. Kuanzia tarehe 17 ndipo kuzaliwa kwake kunakaribia, na antifona saba zinazoanza kwa “Ee” katika Masifu ya Jioni, sala ya Kanisa ya jioni, ni hazina ya maneno kwa siku hizo. Utukufu, ule wimbo wa “Utukufu kwa Mungu”, hauimbwi Dominika za Majilio. Wimbo wenye “amezaliwa” ufungie kabatini, hata wanakwaya wakinuna. Noeli ikifika usiumalize mtungi siku ya kwanza, maana kipindi kinaendelea hadi Ubatizo wa Bwana, na Epifania inahitaji nyimbo zake za nyota na mataifa.

Kwaresima ndiyo hunipa kazi. Aleluya inanyamaza kabisa, Utukufu unabaki kwa sherehe na sikukuu tu, kama ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi, na kinanda kinapigwa kusaidia uimbaji pekee. Mpiga kinanda wangu alilalamika kwamba namfunga mikono. Nilimwambia asubiri Dominika ya nne, ya Furaha, ambayo inamruhusu apige. Halafu msiimbe msalaba wiki zote sita. Mwanzo wa kipindi ni jangwa, toba na ubatizo: Zaburi 51, 91 na 130 zinatosha kukulisha. Mwaka A una Msamaria kisimani, kipofu na Lazaro kuanzia Dominika ya tatu hadi ya tano. Tafuta nyimbo za maji, mwanga na uzima. Za mateso zianze kuingia karibu na Dominika ya Matawi.

Alhamisi Kuu wengi hukimbilia nyimbo za Ekaristi tangu kuingia. Fungua misale: antifona ya kuingia inasema juu ya kuona fahari katika msalaba wa Bwana. Ekaristi itapata nafasi yake kwenye komunyo na maandamano ya kuhamisha Sakramenti. Kengele hulia kwenye Utukufu, kisha kimya hadi Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Ijumaa Kuu padre anaingia bila wimbo, kwa hiyo kaa, nyamaza, usijaze pengo. Na usiku wa Mkesha, padre anapoianzisha Aleluya mara tatu, kila mara akipandisha sauti, muacheni. Kinanda kisimtangulie kwa mbwembwe. Watu wameisubiri tangu Jumatano ya Majivu, nao waipokee kwa midomo yao.

Pasaka ni siku 50, na kwaya nyingi huishiwa pumzi Dominika ya tatu. Ninagawa: nyimbo za kaburi wazi juma la kwanza, za Mchungaji Mwema Dominika ya nne, za Roho Mtakatifu tukikaribia Pentekoste. Sekwensia, utenzi maalumu wa siku hiyo, ya Dominika ya Pasaka na ya Pentekoste ni lazima, nayo hutangulia Aleluya. Salamu ya Mama Maria wakati huu ni “Malkia wa Mbingu”.

Kipindi cha Kawaida kina wiki 33 au 34. Mimi hukitumia kufundishia waamini misa moja, Bwana utuhurumie hadi Mwanakondoo, mpaka waijue bila karatasi. Wiki zake za mwisho masomo yanageukia siku za mwisho, mada ile ile ya Majilio ya mwanzo. Nyimbo mbili tatu za kukesha nazianzisha hapo mapema, na Majilio yakifika mazoezi yanakuwa mafupi.