Namna ya Kuandika Dawa ya Mti Pamoja na Mnyama Wake

Anayetaka kuhifadhi elimu ya miti shamba ya wazee wake hapa Mombasa kwa kawaida huandika jina la mti na maradhi unayotibu, akafunga daftari. Linaloachwa nje ni swali la nani aliyeuonyesha mti huo mwanzo. Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa nchi zinazozunguka maziwa makubwa yaliyo kati ya Kanada na Marekani, hawaliachi swali hilo: kwao dubu, wanayemwita makwa, ni mjuzi wa mizizi kwa kuwa huonekana akiichimba na kuila, na watu wa ukoo wa Dubu huhusishwa na ulinzi wa kijiji na vilevile na elimu ya dawa. Dubu hatuna, lakini njia yao inatufaa.

Anza na mzee kabla ya mti, wala usimwendee mikono mitupu. Mwanishinaabe humpa mzee tumbaku, asemaa, kabla ya kumwuliza jambo, na tumbaku huwekwa pia chini penye mmea kabla ya kuuchuma. Kwetu sukari na majani ya chai vitatosha. Mwulize ni mnyama gani anayeula mti huo, sehemu ipi, akiwa mzima au mgonjwa, na ni nani aliyemwona. Maswali ya aina hii hufungua hadithi ambazo swali la "unatibu nini?" haliwezi kuzifungua. Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe wa magharibi mwa Tanzania, alieleza jinsi babu yake alivyoijua dawa ya kuhara damu kwa kumtazama nungunungu mgonjwa akila mizizi ya mmea ambao watu waliudhania sumu. Mwaka 1987, akiwa na mtafiti Michael Huffman huko Mahale, walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha mmea uitwao mjonso, na siku ya pili yake akawa amepata nafuu.

Kisha tazama mwenyewe, alfajiri au jioni, na uandike ulichokiona tu. Mbuzi wa jirani yetu Kisauni husimama kwa miguu ya nyuma, akaegemeza kwato ukutani na kuvuta vichomozo vya mwarobaini, ilhali kivumbasi kilichoota pale pale chini ya pua yake hakigusi. Katika daftari nimeandika hivyo hivyo, pamoja na tarehe na mvua ilivyokuwa. Sikuandika kwamba anajitibu, kwa maana huenda ana njaa tu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mnyama kula kitu si ruhusa ya binadamu kukila. Popo na ndege hula matunda ya mwarobaini bila taabu, lakini mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Kwa hiyo, tenga ukurasa wa alichokula mnyama na ukurasa wa anachotumia mtu, na usiijaze nafasi iliyo tupu kwa kukisia.

Ukihitaji sampuli, kata kitawi kimoja chenye majani na ua au tunda, ukilaze ndani ya gazeti chini ya vitabu vizito, na ubadilishe gazeti kila siku, maana unyevu wa pwani huleta ukungu upesi. Mmea wa kwanza unaouona uache, kama wafanyavyo Waanishinaabe wengi, usije ukawa ndio wa mwisho mahali hapo. Katika misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, usiingie wala usikate kitu bila idhini ya wazee wa kaya.

Daftari likikamilika, rudi kwa mzee umsomee yote kwa sauti. Akisema jambo fulani si la kuandikwa, lifute mbele yake.