Anza na Reli Unayoipenda ya Pili

Kila anayekuja kuniuliza ajenge reli gani ya mfano nyumbani kwake, nampa kipande cha karatasi na penseli ninayoandikia vipimo vya magauni. Namwambia aandike majina mawili: reli anayoipenda kuliko zote, na inayofuata. Kisha akunje karatasi jina la kwanza libaki ndani, la pili libaki nje. Hilo la nje ndilo la kuanza nalo. Wengi hununa. Mimi mwenyewe nilinuna miaka mitatu kabla ya kukubali.

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Jina langu la ndani ya karatasi ni Voi, stesheni ya Kenya. Mwaka 1975 nilikuwa na miaka minane, shangazi ameolewa huko, tukapanda treni Moshi tukapita Kahe na Taveta hadi kwake. Usiku wa kwanza vikombe viligongana kabatini. Nikatoka uani, nikaona injini ya rangi ya damu ya mzee ikipita taratibu: tangi mbele, boila katikati, tangi jingine nyuma, na chini yake makundi mawili ya magurudumu, kila kundi na mwendo wake. Ilikuwa Garratt ya daraja la 59. Zilikuwa 34, zimeundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake ulipita tani 250, na kutoka Mombasa kupanda hadi Nairobi ilivuta tani 1,200. Duniani kote hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hiyo kwenye reli ya upana wa mita moja.

Sasa chukua futi kamba tupime. Injini hiyo ina urefu wa karibu mita 32. Ukijenga kwa uwiano wa 1:87, unaopendwa na wengi, inakuwa karibu sentimita 37. Behewa la mizigo la mita 12 linakuwa sentimita 14, na mabehewa 20 ni mita 2.8. Treni moja tu imepita mita tatu, na bado stesheni inataka njia ya kupishana ndefu kuliko treni, pamoja na kona za kuingia na kutoka. Chumba changu ni mita tatu kwa tatu, na ndani yake kuna cherehani mbili na meza ya kukatia.

Hata hivyo niliianza Voi. Aliyeniletea reli alileta za upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 utapata milimita 1,435, yaani upana wa SGR ya leo, wakati Voi ya shangazi ilikuwa na milimita 1,000. Injini ya 59 juu ya reli hizo ingeonekana kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Masika yakaja, ubao ukapinda kama kigae. Lakini kilichonivunja moyo si ubao. Kila nilipokosea niliona ninaiharibu Voi yenyewe, ule usiku na vile vikombe, nikawa naogopa kushika msumeno. Reli ya moyoni haifai kujifunzia kazi.

Basi, jina la pili lichaguliweje? Liwe la reli yenye treni fupi. Liwe la mahali unapoweza kufika kwa basi ukarudi siku hiyohiyo, maana picha haikuambii tuta lina upana gani. Na uipende kiasi cha kuimaliza; reli usiyoipenda itaishia juu ya kabati.

La kwangu ni reli ya Sigi. Wajerumani waliijenga mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka Tengeni, karibu na Muheza, kupanda Usambara Mashariki ili kuteremsha magogo. Ilikuwa na upana wa milimita 750 na urefu wa zaidi ya kilomita 20. Mlima ulikuwa mkali mno kuuzunguka kwa kona, kwa hiyo njia ilipanda kwa kwenda na kurudi: treni inapanda, inaingia kwenye kipande cha mwisho, njia inageuzwa, inapanda tena ikirudi kinyumenyume. Reli ziling'olewa zamani. Ila huko Zigi, ndiyo Sigi ya Wajerumani, kwenye lango la hifadhi ya Amani, nyumba ya mkuu wa stesheni ya Wajerumani bado imesimama. Nimeipima mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha.

Hesabu yake ni rafiki. 750 gawa kwa 87 ni 8.6, na reli za milimita 9 ndizo zinazotumika kwa treni ndogo za 1:160. Kwa hiyo unanunua injini kuukuu ya uwiano huo, unavua bodi, unabaki na mota na magurudumu, unaivika bodi ya kadibodi uliyoikata mwenyewe kwa 1:87. Kwa Voi utahitaji reli za milimita 12. Hizohizo zinaifaa TAZARA, ambayo ina milimita 1,067: ukigawa kwa 87 unapata 12.3. Anayependa SGR ndiye mwenye bahati, reli za kawaida za 16.5 ni zake kabisa.

Kabla ya mbao, karatasi. Hakuna fundi anayekata kitambaa bila patani, na reli ni hivyohivyo. Gundisha magazeti mpaka yafikie ukubwa kamili wa ubao, uyatandaze sakafuni, uchore njia kwa kalamu nene. Kisha kata vipande vya karatasi vyenye urefu wa injini na mabehewa yako, uvisogeze kwa mkono kituo hadi kituo. Injini yangu ni sentimita 7, mabehewa matatu ya magogo ni sentimita 8 kila moja. Pamoja na viungio ni kama sentimita 33. Kipande cha kugeuzia nilikipa 40. Kwenye karatasi ya kwanza nilikipa 30, behewa la mwisho likabaki juu ya njia panda, nikakichora upya kwa dakika moja. Kwenye mbao ningelipa wiki.

Ubao wangu ni plaiwudi ya milimita 9, sentimita 180 kwa 45, na fremu ya mbao chini. Unakaa juu ya meza ya kukatia nikifunga kazi. Paka rangi pande zote mbili na kingo zake. Watu wa pwani, msilipite hili: upande usiopakwa ndio unaokunywa unyevu, na hapo ndipo ubao unapopinda. Mpando nimeuweka sentimita 4 kwa kila mita. Ukizidisha, injini ndogo itateleza.

Unapolaza reli acha upenyo wa milimita moja kwenye viungo, chuma kinatanuka joto la mchana. Lehemu waya kwenye kila kipande, usitegemee viungo pekee kupitisha umeme. Kabla ya kugundisha chochote, sukuma behewa tupu kwa kidole kimoja toka chini hadi juu. Likidunda mahali, simama hapo hapo urekebishe.

Kokoto nazitengeneza kwa mchanga wa mto, nauchuja kwa chujio la chai; unaobaki juu ni mkubwa mno, unaopita ndio wenyewe. Namimina katikati ya reli, nasambaza kwa brashi laini ya rangi, narashia maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Kisha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tone kwa tone, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ile sabuni ndiyo inayoifanya gundi izame. Bila hiyo inakaa juu kama lulu na kuvuruga kokoto zote. Usiguse mpaka kesho.

Majani marefu ya kando ya njia ni katani ya hapahapa Tanga. Kata nyuzi za sentimita moja, zichovye kwenye rangi ya kijani iliyofifia, zipande kwa kibano vifungu vifungu. Mikonge yenyewe nakata kwa karatasi: ukanda mwembamba, meno marefu upande mmoja, unauviringisha kwenye sindano ya kushonea kisha unayafungua meno kwa ukucha. Nilitengeneza 140 kwa shamba moja dogo chini ya mlima. Mpwa wangu alishika mmoja akauliza kama unachoma.

Jambo moja la kuamua mapema ni mwaka. Garratt za 59 zilitoka kiwandani na bomba la moshi la mviringo, baadaye zikafungwa bomba bapa la Giesl. Niliyoiona mimi ilikuwa na bapa. Kwa hiyo kila kitu Voi kwangu ni 1975: mavazi ya abiria, magari nje ya stesheni, herufi ubavuni mwa injini.

Maana Voi sasa nimeikunjua. Sigi ilikamilika baada ya miaka minne, nami nikapanda basi hadi makumbusho ya reli Nairobi, kulikohifadhiwa 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Nilishinda hapo na futi kamba yangu ya cherehani, nikapima kila ngazi na kila kishikio. Sitajenga stesheni nzima. Nimekata ubao wa sentimita 120, reli mbili za milimita 12, uzio wa nyuma ya nyumba, na dirisha moja la jikoni linalowaka taa. Injini nimeshaanza kuikata kwa kadibodi, tangi la mbele limekauka leo asubuhi.