Savannah kwa mara ya kwanza: namna ya kuutembea mji kiwanja kwa kiwanja

Savannah, mji mkongwe wa jimbo la Georgia kusini mwa Marekani, ulianzishwa tarehe 12 Februari 1733 na James Oglethorpe. Mpango aliouchora bado unatembeleka. Ni mitaa iliyonyooka, na kila baada ya hatua mia mbili tatu inafunguka kiwanja chenye miti, mabenchi na sanamu. Viwanja vilikuwa 24, vimebaki 22. Anayefika mara ya kwanza hukosea kwa kupanda basi la watalii, kuzungukazunguka saa moja na nusu, kisha kumalizia maduka ya kando ya mto. Anaondoka na picha tu. Mji huu unataka miguu na siku mbili kamili, na unataka kwenda nao kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Machi hadi mwanzo wa Mei, au Oktoba na Novemba. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 33 na unyevu wake ni wa pwani kabisa. Aliyekaa Dar es Salaam Februari anaujua. Karibu kila alasiri ya kiangazi hupiga mvua ya radi. Msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo ukienda Septemba chukua chumba kinachoweza kufutwa bila faini.

Tarehe moja ya kuikwepa ni 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Gwaride la Savannah ni miongoni mwa makubwa kuliko yote Marekani. Bei za vyumba hupaa, mitaa hufungwa, na viwanja unavyotaka kuvitazama hujaa watu na viti tangu alfajiri. Majira ya kuchipua na ya kupukutika kuna pia usubi. Ni wadogo hata huwaoni, lakini wanauma. Dawa ya mbu ipake kabla ya kutoka, hasa jioni karibu na maji.

Hatua ya 2: Lala ndani ya mji wa kale

Tafuta malazi kati ya Bay Street kaskazini na Forsyth Park kusini. Magharibi mpaka wako ni Martin Luther King Jr. Boulevard, mashariki ni East Broad Street. Hoteli za kule uwanja wa ndege na kando ya barabara kuu ya I-95 ni nafuu, ila kila asubuhi utaendesha dakika 20 au zaidi na kulipia maegesho, na mchana joto likizidi hutakuwa na pa kurudi kupumzika. Akiba yote inaishia hapo.

Ukitokea Atlanta ni kama kilomita 400, saa nne barabarani, na hakuna treni ya abiria kati ya miji hiyo miwili. Ukifika na gari, liegeshe uliache. Kituo cha wageni kilichopo Martin Luther King Jr. Boulevard namba 301 kina maegesho, ramani na vyoo. Ndani ya mji kuna mabasi madogo ya bure yaitwayo dot, na feri za bure za Savannah Belles zinazovuka mto kwenda Hutchinson Island.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma ramani kabla ya kutoka

Mambo matatu yatakuokoa.

Kwanza, Bull Street ndiyo mstari wa katikati. Namba za nyumba huanzia hapo kwenda mashariki na kwenda magharibi, kwa hiyo East Jones Street 107 na West Jones Street 107 ni nyumba mbili tofauti, kila moja upande wake. Wageni wengi hufika mlango usio wao kwa kuruka neno hilo moja.

Pili, magari hayawezi kupita Bull Street moja kwa moja, maana kila kiwanja kinaikata. Yanakizunguka kwa mwelekeo mmoja, kinyume na saa. Marekani wanaendesha kulia. Mkenya, Mtanzania au Mganda aliyezoea kutazama kulia kwanza abadilishe tabia hapa: ukikanyaga barabara ya kuingia kiwanjani, gari linatoka kushoto kwako. Mtaa wa Drayton na wa Whitaker, iliyo pande mbili za Bull, ni ya mwelekeo mmoja na magari huko huenda kasi. Vuka penye taa.

Tatu, ramani za zamani. Kiwanja kilichoitwa Calhoun, kwa jina la mtetezi mkubwa wa utumwa, tangu 2023 kinaitwa Taylor Square. Susie King Taylor alizaliwa utumwani, akajifunza kusoma kwa siri humu Savannah wakati sheria ilikataza, kisha akawa mwalimu wa walioachwa huru. Kitabu cha watalii chenye jina la kale usikitupe, ila kirekebishe kwa kalamu.

Hatua ya 4: Matembezi ya asubuhi, Bull Street yote

Anza saa 2 asubuhi, kabla jua halijapanda, ukitokea City Hall yenye kuba la dhahabu pale Bay Street. Shika Bull Street kuelekea kusini. Ni kama kilomita 1.5 hadi chemchemi ya Forsyth Park. Mtu wa haraka anaimaliza kwa dakika 20. Wewe jipe saa mbili na nusu. Beba maji, na ujue kwamba viwanja havina vyoo. Vya umma vipo Ellis Square na Forsyth Park.

Kiwanja cha kwanza, Johnson Square, ndicho cha kale kuliko vyote. Simama katikati ujifunze mfumo, kwa sababu utajirudia mpaka mwisho. Upande wa mashariki na wa magharibi wa kila kiwanja Oglethorpe alitenga ardhi ya majengo ya umma: makanisa, mahakama, maghala. Upande wa kaskazini na wa kusini ni viwanja vya nyumba, makundi manne ya nyumba kumi kumi. Ukishalishika hili hutapotea tena. Popote utakapotokea, ukiona kanisa kubwa linatazama miti, unajua umesimama upande gani.

Wright Square ni wa pili. Nguzo kubwa ya katikati ni ya tajiri wa reli, iliwekwa 1883. Mahali pale pale alizikwa, 1739, Tomochichi, mkuu wa Wayamacraw, wenyeji wa asili wa hapa, aliyewapokea Waingereza. Kumbukumbu yake ya sasa ni jabali la graniti kwenye pembe ya kusini mashariki, na watu wengi hulipita wakitazama nguzo. Ukipaona hapo umeanza kuuelewa mji: kila kizuri kimesimama juu ya kitu, na kazi ya mgeni ni kuuliza juu ya nini.

Chippewa Square ina sanamu ya Oglethorpe mwenyewe, ya 1910, ikitazama kusini walikokuwa maadui wake Wahispania wa Florida. Benchi la filamu ya Forrest Gump ya 1994 ambalo wageni hulitafuta hapa halipo wala halikuwahi kuwa la kiwanjani. Lilitengenezwa kwa ajili ya kupiga picha, na utaliona kwenye makumbusho ya historia ya Savannah, pale pale kwenye kituo cha wageni.

Madison Square usiipite mbio. Upande wa magharibi kuna nyumba ya Green-Meldrim yenye vibaraza vya chuma. Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alipouteka mji Desemba 1864 aliishi humo. Tarehe 12 Januari 1865 viongozi 20 wa makanisa ya Weusi waliingia ndani yake kuulizwa watu wao wanataka nini. Msemaji wao, Garrison Frazier, mwenye miaka 67, aliyekuwa amejinunua yeye na mkewe kwa dola 1,000, alijibu kwamba wanataka ardhi wailime wenyewe. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kugawa vipande vya hadi ekari 40 katika ukanda wa pwani. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliitangua na ardhi ikarudishwa kwa wenye mashamba. Ule usemi wa ekari 40 unaosikika hadi leo katika siasa za Marekani umetoka chini ya paa hili.

Monterey Square ni wa tano. Tazama sinagogi la Mickve Israel: jengo ni la 1878 na umbo lake ni la kanisa la Kigothi, lakini jumuiya yenyewe ilifika 1733, mwaka ule ule wa kuanzishwa mji. Ukitoka hapo, hatua chache na Forsyth Park inafunguka, njia ndefu chini ya mialoni hadi chemchemi nyeupe ya 1858.

Kuhusu nywele za kijivu zinazoning'inia mitini: huitwa Spanish moss, nao ni mmea wa jamaa ya nanasi, hauunyonyi mti. Usiuokote chini ukajivika shingoni kwa ajili ya picha. Ulioanguka hubeba utitiri, na mwasho wake hukaa siku nyingi.

Hatua ya 5: Mchana, ingia ndani

Kuanzia saa 6 hadi saa 9 mchana kaa kivulini. Kata tiketi ya makumbusho ya Telfair, moja kwa nyumba zake tatu, na uanze na Owens-Thomas House iliyopo Oglethorpe Square. Ziara zake huenda kwa muda uliopangwa, kwa hiyo agiza mapema mtandaoni. Ukifika mlangoni Jumamosi bila nafasi utasubiri sana. Nyumba ilikamilika 1819. Usiondoke baada ya kuona sebule na ngazi. Makazi ya watumwa nyuma ya ua ndiyo sababu ya kwenda: kwenye dari bado kuna rangi ya buluu ya kale, waliyoipaka wakiamini inazuia mizimu.

Baada ya hapo nenda Franklin Square, kanisa la First African Baptist. Lilikamilika 1859, likajengwa na watu waliokuwa watumwa, usiku, baada ya kazi za mabwana zao. Sakafuni kuna matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio wa almasi. Wenyeji wa kanisa hueleza kwamba ni alama ya Kikongo ya safari ya uhai, na kwamba yalipitisha hewa kwa waliojificha chini wakitoroka. Msomaji wa kutoka Congo ataiangalia kwa jicho jingine. Ziara huwa na saa maalumu na si kila siku, hivyo ulizia siku moja kabla. Nje kiwanjani kuna mnara wa wanajeshi Weusi huru wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, zaidi ya 500, waliopigana katika vita vya kuuzingira mji 1779.

Ukiwa na nguvu bado, makumbusho ya Ralph Mark Gilbert kuhusu harakati za haki za kiraia yapo Martin Luther King Jr. Boulevard, ndani ya jengo lililokuwa benki ya Weusi. Yatakuchukua saa moja.

Hatua ya 6: Mto, jioni

River Street iko chini ya mwinuko, na mawe yake yalikuja kama uzito wa kuzituliza meli zilizofika tupu kuchukua pamba. Hayana usawa. Vaa viatu vya soli tambarare. Visigino huvunjika hapa. Ngazi za mawe za kushukia ni za kale, nyembamba na zenye vidato visivyolingana, na zikilowa zinateleza. Mwenye mtoto wa kubebwa au magoti mabovu aulizie lifti iliyo karibu na City Hall. Huko chini itafute sanamu ya 2002 ya familia ya Kiafrika iliyokumbatiana, minyororo ikiwa miguuni.

Hatua ya 7: Kula

Mboga wanayoiita collard ndiyo sukuma wiki ile ile, ila huchemshwa muda mrefu na mara nyingi na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Maharage vivyo hivyo, na hata wali mwekundu wa nyanya. Usiyekula nguruwe uliza kwa kila sahani, maana haiandikwi. Jaribu kamba kwa grits, uji mzito wa mahindi unaokaribia ugali laini. Neno gumbo lina asili ya lugha za Angola, kwenye jina la bamia, na goober, jina la karanga la watu wa Kusini, ni nguba ya Kikongo.

Bei za menyu hazina kodi. Ongeza kodi ya mauzo, halafu bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 kwa anayekuhudumia mezani.

Hatua ya 8: Siku ya pili, nje ya mji

Asubuhi nenda makaburi ya Bonaventure, kama kilomita sita mashariki, kando ya Wilmington River. Kuingia ni bure, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kabla hujaingia hakikisha una usafiri wa kurudi, maana teksi hazipiti hapo.

Kisha Tybee Island, kilomita 29 kutoka mjini. Njiani simama Fort Pulaski, ngome ya matofali ambayo 1862 mizinga mipya ya mitutu yenye michirizi iliitoboa ndani ya saa 30 hivi. Makombora bado yamo ukutani. Mnara wa taa wa Tybee una ngazi 178.

Linaloharibu siku hii ni maji. Barabara ya kwenda Tybee ni moja tu, US 80, na inakatiza kinamasi cha maji ya chumvi. Maji ya bamvua yakijaa, hasa miezi ya Septemba hadi Novemba na upepo ukivuma kutoka baharini, huipanda na njia hufungwa hadi yapwe. Tazama jedwali la kupwa na kujaa la kituo cha Fort Pulaski usiku uliotangulia. Kama kilele cha bamvua kinaangukia saa 3 asubuhi, anza na Bonaventure na uvuke baada ya saa 6. Kama kinaangukia jioni, vuka mapema na uwe umerudi upande wa mji saa mbili kabla yake.