Senti kuukuu ya Marekani: mizani kwanza, kusugua baadaye

Ukiletewa senti kuukuu ya Marekani, usiisugue. Mimi niliipaka ndimu na chumvi senti ya 1848, kama tunavyosafisha masinia ya shaba. Iling'aa kweli, ila ikabaki na wekundu wa ngozi iliyochubuka. Mnunuzi aliitazama mara moja tu, akanirudishia.

Hatua ya 1: soma mwaka. Senti kubwa, za 1793 hadi 1857, ni shaba tupu. Ya 1815 haipo. Ukiletewa, jua tarakimu imechezewa.

Hatua ya 2: sumaku. Senti halali ya miaka hiyo hainasi, wala zile ndogo zilizofuata zenye nikeli. Ikinasa, mrudishie mwenyewe.

Hatua ya 3: mizani ya sonara, ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Senti za 1793 zilitoka na gramu 13.48. Shaba ilipopanda bei, mwishoni mwa 1795 zikapunguzwa hadi 10.89. Iliyochakaa itapungua kidogo, usishtuke.

Hatua ya 4, na hapa ndipo wengi tunapokwama: senti ndogo. Mwaka 1857 ilianza kutumika ile ya tai arukaye, upana milimita 19, uzito gramu 4.67, shaba asilimia 88 na nikeli 12. Rangi yake imepauka. Mwaka 1859 ikaja yenye kichwa kilichovaa taji la manyoya, mchanganyiko uleule. Nikeli ni ngumu, ikichosha mihuri ya kupigia chapa, na mwaka 1864 wakahamia bronzi: shaba asilimia 95, bati na zinki 5, gramu 3.11.

Kwa hiyo senti za 1864 ziko za aina mbili, sura ile ile, upana ule ule. Rangi itakudanganya, maana uchafu wa miaka huzifanya zote kahawia. Zisimamishe kwa ukingo, ubavu kwa ubavu: ya nikeli ni nene. Kisha pima. Juzi nilikuwa nazo mbili mezani; moja ilisoma 4.61, nyingine 3.07. Mjadala ukaisha.

Hatua ya 5: kama ina vumbi, iloweke kwenye maji yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kupooza mvuke, kisha igandamize kitambaa laini bila kusugua. Andika mwaka na uzito kwenye kibahasha cha karatasi kabla ya kuitia. Mifuko ya plastiki laini iache, huacha ute wa kijani juu ya shaba.